Kuuza Roboti Si Kazi ya Domo Tupu

Wahenga wetu walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imefundishwa madarasani kwa miaka mingi, na hapana shaka imewafaa wengi waliotaka kuwaonya vijana dhidi ya majivuno. Hata hivyo, imeacha pia athari ambayo pengine wahenga hawakuikusudia. Imetuzoeza kumtazama kila muuzaji kama mtu anayetembeza kibaya. Mwanafunzi akisema anataka kuwa daktari, mwalimu hutabasamu. Akisema anataka kuwa mhandisi, hupigiwa makofi. Lakini akisema anataka kazi ya kuuza, hata kama ni kuuza vyombo vilivyoundwa kwa sayansi ya hali ya juu, huulizwa iwapo masomo yamemshinda.

Dhana hii ni potovu, na wakati umewadia wa kuichunguza. Nitaichunguza kwa kutazama kazi moja ambayo wengi wetu hatujapata kuiwazia: kazi ya kuuza mitambo na roboti za maghalani. Nimeichagua kwa sababu inakaa hasa kwenye mpaka tuliouchora sisi walimu kati ya watu wa hesabu na watu wa lugha. Maoni yangu ni kwamba kazi hii haimkubali mwenye hesabu asiye na lugha, wala mwenye lugha asiye na hesabu, na kwamba humo mna funzo kwa shule zetu.

Kwanza yafaa ieleweke roboti hizi ni vyombo vya namna gani. Si watu wa bati wanaotembea kwa miguu miwili kama tunavyowaona katika sinema. Katika ghala la kawaida, mfanyakazi hupewa orodha ya bidhaa zilizoagizwa, kisha huzunguka baina ya rafu akitafuta sabuni hapa, viatu pale, na kitabu kule mwisho. Sehemu kubwa ya siku yake humalizikia njiani. Mmarekani Mick Mountz, aliyewahi kuifanyia kazi kampuni ya Webvan, aliliona tatizo hilo, na mwaka wa 2003 akaanzisha kampuni iliyokuja kujulikana kama Kiva Systems. Roboti zake ni fupi, kama meza ndogo isiyofika magotini. Hujipenyeza chini ya rafu, huiinua nzima, na kuipeleka hadi aliposimama mfanyakazi. Badala ya mtu kuifuata bidhaa, bidhaa humfuata mtu. Mwaka wa 2012 kampuni ya Amazon iliinunua Kiva kwa dola milioni 775, na mwaka wa 2025 ikatangaza kwamba imefikisha roboti milioni moja katika shughuli zake.

Huko Norwei, kampuni ya AutoStore ilichukua njia nyingine. Bidhaa hutiwa katika visanduku vilivyopangwa kimoja juu ya kingine bila kuachwa nafasi ya mtu kupita, na roboti hutembea juu ya kilele cha rundo hilo zikivuta kisanduku kinachohitajika. Kampuni nyingine za Japani, Ujerumani, Austria na Uchina zina mitambo ya aina yake. Kila moja ya kampuni hizi ina wahandisi wa kuunda, na kila moja ina watu wa kuuza.

Je, vyema hivi vilijiuza? Historia yasema la. George Devol aliomba hataza ya mkono wa chuma unaojiendesha mwaka wa 1954. Baada ya kukutana na Joseph Engelberger, aliyekuwa amesomea fizikia na uhandisi wa umeme, chombo hicho kilipata jina la Unimate, na mwaka wa 1961 kikaanza kazi katika kiwanda cha General Motors jimboni New Jersey, kikishika vipande vya metali vilivyotoka motoni, kazi iliyokuwa ikiwaunguza watu. Ungedhani wenye viwanda wangepanga foleni. Hawakupanga. Ilimbidi Engelberger azunguke kuwaeleza. Mwaka wa 1966 aliupeleka mkono huo katika kipindi maarufu cha televisheni cha Johnny Carson, ambako ulipiga mpira wa gofu, ukamimina bia, na kupunga kijiti cha kuongozea okestra. Mwaka uliofuata alialikwa Japani akazungumza mbele ya mamia ya watu, na mwaka wa 1968 kampuni ya Kawasaki ikatia saini mkataba wa kuunda roboti hizo. Hata hivyo kampuni yake haikupata faida hadi mwaka wa 1975. Miaka kumi na minne ilipita tangu mkono ule uanze kazi, na katika miaka hiyo yote chema hakikujiuza. Kiliuzwa na mtu aliyekielewa na aliyejua kusema.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Wengi hudhani kwamba muuzaji huingia ofisini na karatasi zenye picha za kupendeza, akasema maneno matamu, akatoka na hundi. Kwa mitambo ya ghala, mambo hayaendi hivyo. Kutoka siku ya mazungumzo ya kwanza hadi siku ya kutia saini huweza kupita mwaka mzima au zaidi, na muda mwingi muuzaji hasemi bali anauliza. Maagizo mangapi hutoka kwa siku? Kila agizo lina bidhaa za aina ngapi? Ghala lina aina ngapi za bidhaa kwa jumla, na zipi hutoka kila saa, zipi hulala miezi sita? Msimu wa sikukuu huongeza kazi mara ngapi? Paa lina urefu gani? Sakafu imenyooka kiasi gani? Umeme ukikatika, nini hufanyika? Programu ya kompyuta inayoweka hesabu ya bidhaa ni ipi, na je, itakubali kuzungumza na roboti? Muuzaji aliye makini huomba kulala macho usiku mmoja ghalani humo, akisimama pembeni na daftari, ili aone kwa macho yake kile ambacho meneja hakukieleza kwa sababu hakijui.

Baada ya hapo huja hesabu. Hapa nitatoa mfano wa kubuni, ambao mwalimu yeyote wa Hisabati anaweza kuuandika ubaoni. Tuseme ghala lina wafanyakazi 60, na kila mmoja humgharimu mwajiri shilingi 40,000 kwa mwezi. Kwa mwaka, hizo ni shilingi milioni 28.8. Tuseme mtambo wa shilingi milioni 180 utapunguza gharama hiyo kwa nusu, yaani kuokoa milioni 14.4, lakini umeme na matengenezo yatakula milioni 5.4 kila mwaka. Kinachobaki ni milioni 9. Mtambo huo utarudisha fedha zake baada ya miaka 20, na kabla ya hapo pengine utakuwa umechakaa.

Sasa tulihamishe ghala hilo hadi nchi ambako mfanyakazi hugharimu mara kumi zaidi, na tuyafanye matengenezo ya huko kuwa milioni 24 kwa mwaka. Mtambo ule ule utaokoa milioni 144, utabakiza milioni 120, na utajilipa kwa mwaka mmoja na nusu. Hesabu hii fupi inaeleza sehemu kubwa ya sababu za roboti kujaa katika maghala ya Marekani, Ujerumani na Japani, ilhali maghala yetu mengi bado yanategemea mikono, mikokoteni na foklifti. Haimaanishi kwamba wao ni werevu na sisi ni wajinga. Ni hesabu ya ujira. Muuzaji mwaminifu anayeifahamu hesabu hii akija kwa mfanyabiashara wa Nairobi au Mombasa, huenda akamwambia hivi: "Mzee, usininunulie roboti mwaka huu. Anza kwa kupanga rafu zako vizuri na kuweka hesabu ya bidhaa zako katika kompyuta. Tutazungumza tena mizigo yako itakapoongezeka." Maneno hayo yatamkosesha kamisheni ya leo. Lakini yatamfanya aaminiwe kesho, na katika kazi ambayo mauzo ni machache na wateja wanajuana, kuaminiwa ndiyo mali pekee ya muuzaji.

Hapa ndipo lugha inapoingia, na hapa naomba ruhusa ya kusema kama mwanaisimu. Ununuzi wa mtambo mkubwa hauamuliwi na mtu mmoja. Kuna meneja wa ghala, anayetaka kujua iwapo mizigo itatoka kwa wakati. Kuna mhasibu, anayetaka kujua fedha zitarudi lini. Kuna mtaalamu wa kompyuta, anayeogopa kwamba mitambo miwili haitaelewana. Kuna afisa wa usalama, anayeuliza habari za moto, na ana haki ya kuuliza: ghala la roboti la kampuni ya Ocado mjini Andover, Uingereza, liliteketea Februari 2019 baada ya hitilafu katika kifaa cha kuchajia betri ya roboti mojawapo. Na kuna wafanyakazi wenyewe, ambao mara nyingi hakuna anayewauliza lolote. Kila mmoja wa watu hawa ana msamiati wake na ana hofu yake. Muuzaji husimama katikati yao akiwa mfasiri. Hukichukua anachosema mhandisi na kumweleza mhasibu kwa lugha ya mhasibu, bila kupunguza ukweli njiani. Mwanafunzi wa isimujamii anaijua kazi hii kwa jina la rejista. Kile tunachomfundisha kwa ajili ya mtihani, muuzaji hukitumia kwa ajili ya riziki.

Lugha yetu yenyewe iliwahi kulijua jambo hili. Neno dalali tumelipata kutoka Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuonyesha au kuelekeza. Katika mzizi huo huo tumelipata neno dalili. Dalali, kwa asili, ni mtu anayekuonyesha njia ya kukifikia unachokitaka. Leo tukimsikia dalali tunafikiria nyundo ya mnada, au mtu anayekula pande zote mbili. Maana imechakaa kwa sababu watu walioibeba waliichakaza. Lakini udugu wa maneno haya mawili unatukumbusha kanuni ambayo ningependa kila kijana anayefikiria kazi hii aishike: dalali asiye na dalili ni mwongo.

Na gharama ya uongo katika kazi hii imekwisha kuonekana. Webvan, kampuni ya Marekani iliyowauzia watu vyakula na kuwapelekea nyumbani, ilianzishwa mwaka wa 1996. Mwaka wa 1999 ilitia saini mkataba wa dola bilioni moja wa kujengewa maghala makubwa yenye mitambo ya kujiendesha, kabla ya wateja kuonekana. Mitambo ilikuwako, maagizo hayakutosha kuilisha, na Julai 2001 kampuni ikafilisika. Huko Denver, uwanja mpya wa ndege uliahidiwa mtambo mmoja wa kubeba mizigo yote ya abiria. Mtaalamu aliyeujua mtambo mdogo zaidi wa Munich angeweza kukwambia kwamba majaribio yake peke yake yalichukua muda mrefu, na maonyo hayakukosekana. Mwaka wa 1994 mtambo wa Denver ulipoonyeshwa kwa waandishi wa habari, mabegi yalirushwa na kuchanika. Uwanja ulifunguliwa Februari 1995, miezi kumi na sita baada ya wakati uliopangwa, na mwaka wa 2005 sehemu ya mwisho ya mtambo huo ikaachwa kwa kuwa kuutunza kuligharimu takriban dola milioni moja kila mwezi. Katika mikasa yote miwili, sayansi haikukosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kusema "haiwezekani kwa muda huu" na mtu wa kumsikiliza. Njia ya mwongo ni fupi, lakini gharama yake huwa ndefu.

Mambo ya wafanyakazi hayafai kuachwa nyuma. Neno roboti lenyewe linabeba kumbukumbu yao. Liliingia ulimwenguni kupitia tamthilia ya Karel Čapek wa Chekoslovakia, R.U.R., iliyoandikwa mwaka wa 1920. Ni nduguye Josef aliyelipendekeza, akilitoa katika neno la Kicheki robota, lenye maana ya kazi ya lazima waliyotozwa wakulima na mabwana wenye ardhi. Waswahili wana jina la kazi ya namna hiyo: shokoa. La kuvutia zaidi ni kwamba tamthilia hiyo yafunguka ofisini, meneja wa kiwanda akiwa anaandikisha barua za biashara za kuuzia roboti sehemu mbalimbali za dunia. Yaani roboti wa kwanza katika fasihi walizaliwa wakiwa bidhaa, na muuzaji alikuwapo tangu ukurasa wa kwanza. Čapek alitaka tumtazame muuzaji huyo, na tujiulize kama anajua anachokiuza.

Swali hilo bado lipo. Wazee wa Mombasa wanakumbuka jinsi kontena lilivyopunguza mahamali waliokuwa wakibeba magunia begani. Kazi ile iliumiza migongo, na hakuna anayepaswa kuitamani irudi. Lakini mtu aliyeachwa bila kazi hakufarijika kwa kuambiwa kwamba mgongo wake sasa umepona. Muuzaji wa roboti anapoandika kwamba mtambo "utaokoa" nusu ya gharama, ajue kwamba katika mfano wangu nusu hiyo ni sawa na watu 30. Si lazima wafukuzwe. Wanaweza kufundishwa kuitunza mitambo, au biashara ikapanuka wakahamishiwa kwingine. Lakini jambo hilo halitokei lenyewe. Ni lazima liulizwe mezani kabla ya saini, na aliye katika nafasi nzuri ya kuliuliza ni yule anayezijua namba zote. Akilinyamazia, ukimya wake ni sehemu ya bei.

Msomaji mmoja atauliza: yote haya yanatuhusu nini, nasi maghala yetu bado hayajafikia huko? Ninamjibu kwa mambo mawili. Kwanza, mwanafunzi aliye darasani leo atafanya kazi kwa miaka 40 ijayo, na hesabu ya ujira niliyoitoa itabadilika mara nyingi katika muda huo. Pili, na hili ndilo kubwa, ujuzi unaotakiwa hapa hautakiwi katika roboti peke yake. Anayeuza mashine za hospitali, mitambo ya umeme wa jua au pampu za kunyunyizia mashamba hufanya kazi ile ile: huuliza, hupima, hupiga hesabu, hutafsiri, na hutoa dalili.

Katika mfumo mpya wa elimu, mwanafunzi anayeingia sekondari ya juu hutakiwa kuchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo. Sina ugomvi na mgawanyo wenyewe, kwani huwezi kumfundisha kila mtu kila kitu. Hofu yangu ni ukuta tunaoujenga sisi walimu baina ya mikondo hiyo. Tunamwambia mtoto wa sayansi kwamba insha ni ya wale wengine, na mtoto wa lugha kwamba hesabu imemkimbia. Matokeo yake ni mhandisi asiyeweza kukieleza alichokiunda, na msemaji hodari asiyeweza kugawa milioni 180 kwa 9. Wa kwanza atanyamaza pale anapopaswa kuonya. Wa pili atasema sana pale anapopaswa kunyamaza.

Tiba haihitaji kusubiri waraka wa wizara. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuwatuma wanafunzi wake kwenye stoo ya shule, wakahesabu magunia ya mahindi na maharagwe, wakapima hatua anazotembea mpishi kwa siku, kisha wakaandika ripoti ya kurasa mbili ya kumshawishi mwalimu mkuu ahamishe rafu moja tu. Mwalimu wa Hisabati na asahihishe namba, mwalimu wa lugha asahihishe hoja. Na alama za juu kabisa apewe mwanafunzi atakayethubutu kuandika, kwa ushahidi, kwamba rafu hiyo haifai kuhamishwa. Huyo atakuwa amejifunza sehemu ngumu zaidi ya kazi ya kuuza.

Kwako wewe mwanafunzi, sitaki nikupambie kazi hii. Mshahara wake mara nyingi huwa wa sehemu mbili, moja ya kudumu na nyingine ya kamisheni, na mwaka usipouza, sehemu ya pili haiji. Utakataliwa mara nyingi kuliko utakavyokubaliwa. Utasafiri, utasimama katika maghala yenye baridi, utasoma vitabu vya mitambo usiku, na utahitaji lugha nyingine zaidi ya Kiingereza, kwa kuwa waundaji wengi wa mitambo hii huota ndoto zao kwa Kijerumani, Kijapani au Kichina. Lakini ikiwa unapenda kuuliza maswali, na huoni haya kuhesabu mbele ya watu, usikubali yeyote akwambie kwamba hiyo ni kazi ya walioshindwa na masomo. Ni kazi inayoyadai masomo yote kwa pamoja.

Wahenga hawakukosea. Kibaya hujitembeza hadi leo, tena kwa sauti kubwa kuliko zamani. Ndiyo maana chema kinahitaji mtu wa kukisemea, mwenye dalili mkononi na uaminifu moyoni. Kama shule zetu hazitamlea mtu huyo, soko litaachiwa wenye domo tupu, nasi tutanunua tutakachouziwa.